Wembe Uliolala na Maji

Pale Misima mtoto hakutolewa nje siku ya arobaini akiwa na nywele za tumboni kichwani, na aliyezinyoa nywele hizo alikuwa Mwaija, mama yake Zamda. Alinyoa vichanga, akanyoa wajane walipomaliza eda, akanyoa na wazee waliokwisha kuishiwa nywele lakini hawajaishiwa maringo. Wembe wake ulifuliwa na mhunzi tangu siku za mama yake, mfupi kama kidole cha shahada, mweusi mgongoni, mweupe makalini. Ukiuona usingetoa hata yai kuununua. Lakini miaka yote hiyo haukuwahi kumtoa mtoto damu.

Siri yake haikuwa siri. Kila alipomaliza kunyoa aliusuuza kwa maji safi, akaufuta kwa kitambaa kikavu kutoka mgongoni kuelekea makalini, akauacha juani muda wa kutafuna pingili ya muwa, kisha akaupaka mafuta ya mbarika kwa unyoya wa kuku. Hapo ndipo alipouviringishia kitambaa, akautia ndani ya pembe ya ng'ombe, akaiziba kwa gunzi la hindi na kuichomeka juu ya boriti, mahali ambapo hata mtoto mtundu angehitaji ngazi na bahati mbaya. Watu walimwona, hakuna aliyejali. Jambo la kila siku halina watazamaji.

Basi mwaka mmoja, reli ya Wadachi ikiwa imekwisha kuipita Korogwe, akarudi Kibwana.

Kibwana alikuwa mtoto wa Misima hapo hapo. Aliondoka na shuka moja, akarudi na koti lisilo na vifungo. Miaka miwili alikuwa boi wa Mdachi mmoja wa shamba la mkonge, na alipofukuzwa, ingawa mwenyewe husema aliagwa, alitoka na wembe wa kukunja wenye mpini mweusi. Akaufunga uzi, akauning'iniza kifuani kama hirizi. Kila asubuhi aliketi njia panda ya kwenda Handeni akinyoa wapita njia, na maneno aliyoangusha yalikuwa mengi kuliko nywele.

"Chuma hiki hakijui kutu," aliwaambia. "Ulaya hakuna kutu."

Mwaija alikuwa akipita na mzigo wa kuni. Akasimama. "Na mvua wanayo?"

"Wanayo, mama. Tena ya barafu."

"Basi na kutu wanayo. Labda wana mtu wa kufuta."

Watu wakacheka. Kibwana akaona amedharauliwa, akaanza kusimulia alivyomhudumia bwana wake. "Mimi nasimama karibu naye na beseni. Bwana anajipaka sabuni, ananyoa shavu hili, ananyoa na hili. Akimaliza ananikabidhi beseni nikamwage maji nje, maana mimi ndiye niliyeaminiwa. Nikirudi, wembe umekwisha kukunjwa, umo kwenye kasha. Basi. Unanyoa, unakunja. Wenzetu hawana mambo ya unyoya wa kuku."

Mwaija akauweka sawa mzigo kichwani. "Kwa hiyo kila siku ulikuwa unamwaga maji."

"Kila siku, miaka miwili."

"Nimesikia," akasema Mwaija, akaenda zake. Alipofika mbali kidogo akageuka. Kibwana alikuwa amemaliza kidevu cha mtu. Akautikisa wembe mara moja, povu na vinywele vingali vimegandamana, akaukunja na majimaji yake, akaurudisha kifuani penye jasho. Mwaija akatema mate kando ya njia.

Yangeishia hapo, kama Zamda hangekuwa na mtoto mchanga. Mumewe Abdi alikuwa Korogwe kwenye mkonge, kipande chake, kadi ya kuhesabia siku za kazi, hakijajaa, kwa hiyo mambo ya arobaini yalisimamiwa na kaka mkubwa wa Abdi, Mdoe. Huyu Mdoe alipenda kila kitu kipya, ilimradi watu wawepo wa kumwona nacho.

Siku nne kabla ya shughuli akamjia Mwaija. "Mkwe, mtoto atanyolewa na Kibwana. Wageni wanatoka Handeni, wasije wakatukuta na kipande cha jembe."

"Utosi wa mtoto bado laini," akasema Mwaija. "Unadunda kama koo la chura. Wembe ule nimeuona, na mkono ule nimeuona."

"Wahenga wamesema, mtoto akililia wembe, mpe."

"Mtoto hajaulilia, Mdoe. Anayeulilia ni wewe."

Mdoe akasema neno limekwisha, akaondoka. Na kweli lilikuwa limekwisha, kwa kuwa mtoto ni wa upande wa baba, na bibi wa upande wa mama hubisha mara moja tu. Zamda alikuwa amesikia yote. Akamshika mama yake mkono. "Mama, utamwacha akatwe?"

"Wewe mpakate. Usimtoe mikononi mwako mpaka mimi nikuambie."

Siku tatu zilizofuata ikanyesha mvua, neema kubwa kwa nchi kavu kama ile, ila njia panda hapakukalika. Kibwana akalala ndani, na wembe ukalala kifuani pake, umekunjwa na maji yake ya mwisho.

Asubuhi ya arobaini jua likatoka, wageni wakajaa uani kwa Mdoe. Kibwana akaja na koti lake, akauvua uzi shingoni, akauvuta wembe ufunguke. Haukufunguka. Akaugeuza, akauvuta tena. Mwishowe akautia meno, mbele za watu, kama mtu anayemenya muwa. Ukafunguka kwa mlio wa mlango wa ghala. Makali yalikuwa na madoa mekundu toka ncha hadi kwenye mpini.

"Hiyo ni rangi tu," akasema Kibwana, akaupangusa kwenye koti.

Mdoe hakuutazama wembe. Alikuwa akiwatazama wageni wanaomtazama.

Zamda akamkumbatia mtoto. Mwaija akasogea, akapiga goti kwa adabu kubwa, adabu ambayo wanaomjua waliiogopa. "Mkwe, wembe wa heshima namna hii hauanzi kwa kichanga. Na uanze kwa mwenye nyumba. Kidevu chako kiufungulie njia, mjukuu wangu afuate."

"Kweli kabisa," wakaitikia wageni. "Mkubwa kwanza."

Mdoe akaketi kigodani, akainua kidevu. Mkwaruzo wa kwanza ndevu hazikukatika, zilivutwa. Wa pili ukaondoka na ngozi. Wa tatu damu ikashuka hadi kwenye kola ya kanzu. Vidole vyake vya miguu vilikunjamana mchangani. Wa nne akamdaka Kibwana mkono.

"Inatosha."

"Bado upande huu, mzee."

"Nimesema inatosha."

Akabaki ameketi, ndevu upande mmoja, damu upande wa pili, na wageni wote wakageuka ghafla kutazama mawingu. Alipozungumza tena aliisemesha ardhi. "Mkwe, ile pembe yako iko wapi?"

Mwaija akaitoa kwenye pindo la kaniki. Alikuwa nayo tangu alfajiri.

Akamnyoa mtoto mapajani mwa Zamda, akipita pembeni mwa utosi kama mtu anayezunguka kiota, na mtoto hakuamka. Zamda akaupitisha mkono juu ya kichwa kile kitupu, mara mbili, mara tatu, akautazama mkono wake. Haukuwa na damu.

Mwaija akausuuza wembe. Hapo Kibwana akaja akachuchumaa mbele yake, koti limeloa jasho, sauti imepungua. "Mama, nionyeshe mnavyofanya mkimaliza."

Mwaija akauweka wembe juu ya kitambaa. Kisha akamkabidhi bakuli lenye maji na nywele za mtoto. "Kwanza kamwage haya. Si hapa, hayakanyagwi. Nenda hadi kwenye migomba ya bondeni. Wewe si ndiye unayeaminiwa?"

Kibwana akalipokea kwa mikono miwili, kama alivyozoea, akaenda nalo polepole asimwage njiani. Aliporudi, wembe ulikuwa umekwisha kufutwa na kupakwa mafuta, na gunzi limeziba pembe.