Mama Aliyekuja Kumsindikiza Mgonjwa

Wiki iliyopita, kwenye kliniki ya kisukari hapa Tanga, nilikaa nyuma ya mzee mmoja na mkewe. Wote wawili wana sukari, ila mke ndiye msemaji.

"Shikamooni," muuguzi akawaamkia. "Mzee, unaendeleaje?"

"Haendelei," mke akajibu. "Jana kala halua, nimemkuta anafuta vidole kwenye pazia!"

Tukacheka. Mzee akatazama dari. Mama akaendelea na mashtaka, lakini kila baada ya maneno mawili matatu alisita kuvuta pumzi. Muuguzi akainama, akambonyeza kifundo cha mguu kwa dole gumba. Alipoliondoa, shimo likabaki kwenye uvimbe.

"Mama, unalalia mito mingapi?"

"Mitatu. Nikilala chali pumzi inanikata. Uzee tu huo, mwanangu. Kama ni moyo, mtazame huyu, maradhi ya moyo ni ya wanaume."

"Sukari haichagui, mama. Tena ikimpata mwanamke, moyo wake ndio wa kuangaliwa zaidi."

Mzee akasimama, akautia mkoba wa mkewe begani, akamshika mkono kwenda kupima moyo.

Baadaye nilimkuta mzee peke yake kwenye dirisha la dawa. Moyo wa mkewe umeanza kuchoka, akaniambia, lakini wamewahi. Nikawaza ni akina mama wangapi wanaotufikisha hospitali huku wao wenyewe wakihema.

"Ameyapokeaje majibu?" nikauliza.

Mzee akatabasamu huku machozi yakimlenga. "Amemuuliza daktari kama ana hakika majibu hayo si yangu."