Mipira ya Mgongoni mwa Yaya

Dada yangu mkubwa, ambaye sisi wadogo tulimwita Yaya, alikuwa mlimaji. Mume wake alipofariki, nyumba aliyopewa mumewe na kampuni ilirudi kwa kampuni, naye akahamia na watoto wake katika chumba kimoja cha kupanga. Akaanza kulima kando ya barabara ya Mutshatsha: mahindi, karanga, muhogo. Mimi nilikuwa na mume mwenye kazi, nyumba ya matofali kule Dilala, mjini Kolwezi, na cherehani karibu na dirisha. Nilishona nguo za shule na bulauzi za harusi. Sikuwa mtu wa kutulia. Mume wangu alisema hata bukari, ugali wetu, nakula kama mtu anayechelewa treni.

Mwaka mmoja, mvua za kwanza zilipokuwa zimeanguka tu, Yaya aliingia uani kwangu mchana akiwa amejikunja, mkono mmoja kiunoni, mwingine ukishika ukuta.

"Mudogo yangu, mugongo imekatala," alisema. "Nimeinama, nimeshindwa kuinuka. Nimetambaa mpaka ku barabara."

Kwenye dispansari walimpa vidonge, wakamwambia asiiname tena. Asiiname, na shamba lenyewe lilikuwa limelimwa nusu! Walimpa pia korse, mkanda mpana wenye vyuma ndani yake. Alilima nayo siku moja, akarudi na michubuko chini ya mbavu.

"Hii banafanya juu ya mutu wa kuikala ku kiti," alisema, akaitupa juu ya kitanda changu. "Mi ninainama. Nikiinama, inanichoma tumbo."

Nilimwomba apumzike msimu huo. Nilimwambia unga wetu utatosha nyumba mbili.

"Na mwaka kesho?" aliuliza. "Hapana, mudogo. Batoto ni bangu."

Tangu siku hiyo mikono yangu haikuelewana na kazi. Nilishona kola kinyumenyume, nikaikata, nikaishona tena kinyumenyume. Nje mvua ilikuwa inanyesha, mashamba ya wengine yalikuwa yanaota, na Yaya alikuwa analima kwa kupiga magoti, akijikokota kutoka tuta hadi tuta.

Ndipo sokoni nikawaona wauza makala, yaani mkaa, kutoka upande wa Mutshatsha. Magunia yao hufungwa kwenye baiskeli kwa vipande virefu vya mpira wa ndani wa gurudumu. Mmoja alifungua chake, mpira ukaruka na kurudi mahali pake kwa nguvu, kama kitu chenye hasira. Nilisimama pale nikiutazama hadi mwenyewe akaniuliza kama nataka makala au nataka mume. Niliondoka na mipira miwili.

Nilichowaza ni hiki. Mikanda ipite mabegani kama ya mfuko wa shule na ikutane mgongoni. Kutoka hapo mipira miwili ishuke juu ya makalio mpaka kwenye vitambaa vilivyofungwa juu ya magoti. Yaya akiinama, mipira ivutike na kumbebea sehemu ya uzito wake. Akiinuka, imvute juu.

Mara ya kwanza tulijaribu uani kwangu. Aliinama kuelekea beseni, uzi ukakatika, na mpira ukamchapa tako. Alinitukana kwa Kiluba, kisha tukacheka mpaka akashika mgongo kwa maumivu. Mara ya pili nilikaza mno. Aliweza kusimama tu.

"Sasa nikitaka kujisaidia, nitaita nani?" aliuliza.

Nilifumua. Nilishona upya, nikafumua tena. Mume wangu aliacha kuuliza nguo za wateja zimefika wapi. Mwishowe nikapata kwa muuza mitumba begi kuukuu la turubai ya kijani, lenye mikanda mipana na vifungo vya chuma. Nililipasua lote, na safari hii mishono ilishika. Yaya aliinama, akainuka, akainama, akabaki ameinama huku mikono yake ikining'inia.

"Iko inanishika," alisema taratibu. "Mudogo, iko inanishika kweli."

Kesho yake tulikwenda shambani pamoja, maana nilitaka kuona kwa macho yangu. Alikuwa amevaa mikanda ile ndani, chini ya bulauzi na kikwembe, kitenge alichojifunga. Vita ilikuwa imepita Kolwezi si muda mrefu, na barabarani kulikuwa na kizuizi cha askari. Mmoja wao aliona kifungo cha chuma kikijitokeza begani kwa Yaya.

"Mama, yaka awa!" aliita kwa Kilingala. Njoo hapa.

Alivuta kola, akaona turubai ya kijani. Wenzake wakaja. Mikanda ya jeshi hii, umeitoa wapi? Nani amekutuma? Mimi nikaanza kusema kwamba nimeishona mwenyewe, lakini askari alininyooshea kidole nisimame palepale na nifunge mdomo. Nikasimama.

Yaya hakulia. Aliomba achukue jembe lake kwenye kikapu, akavua bulauzi akabaki na shimizi, mipira yote ikionekana, akaanza kulima majani kando ya kizuizi.

"Ni ya kazi hii," alisema bila kuinua kichwa. "Mugongo yangu ni mugonjwa. Ni ya kuinama tu."

Askari walicheka. Mmoja alivuta mpira na kuuachia ili ausikie ukilia. Nilidhani yamekwisha, lakini mkubwa wao alitazama majani yaliyozunguka kizuizi na kumwambia aendelee. Alilima upande mmoja, wakamwonyesha wa pili. Jua lilipofika utosini, eneo lote lilikuwa jeupe. Ndipo wakamvua ile mikanda, wakabaki nayo, wakaturuhusu kurudi tulikotoka.

Njiani sikuacha kusema. Nilisema nitakwenda kushitaki, nilisema tutahama mji, nilisema mambo mengi. Yaya alitangulia na jembe begani.

"Utashona ingine?" aliuliza tulipofika.

"Wakikuona nayo tena watakufunga."

"Shona ya maua," alisema. "Bila chuma. Nitaivala inje, kila mutu aone."

Nilinunua mipira mingine, nikakata kikwembe changu cha njano, kile kizuri cha kanisani, nikakiweka tabaka juu ya tabaka hadi sindano ikakataa. Vifungo vilikuwa vya kitambaa. Alipokwenda kupita kizuizini, nilimfuata kwa mbali ingawa alinikataza. Askari walimwangalia kutoka kichwa mpaka miguu, wakapiga miluzi, wakamwacha apite. Nilikaa chini kando ya barabara mpaka ile njano ikapotea machoni.

Msimu ule alivuna. Wanawake wengine walikuja kutaka za kwao, nikawashonea wachache. Mmoja alirudisha yake kwa sababu ilimchuna magoti. Lakini aliyenitia wasiwasi zaidi alikuwa Yaya mwenyewe. Nilipokwenda shambani saa sita, wenzake walikuwa wanakula kivulini, yeye bado ameinama. Alikuwa amekodi na shamba la jirani.

"Nilishona hii ikusaidie, si ikuue," nilimwambia.

"Kama haiume, juu ya nini niache?"

Miaka ikapita hivyo, mimi nikibadilisha mipira iliyochoka, yeye akiongeza matuta. Kisha mwanawe wa kwanza akapata kazi ya kuendesha lori, akamchukua wakaishi Fungurume. Huko aliacha jembe. Aliuza samaki wakavu sokoni. Nilipomtembelea, nilimkuta anatembea akitazama ardhi, mgongo haunyooki tena.

"Yaya," nilimuuliza, "ile mipira ilikusaidia, au ilikuvunja?"

Alikuwa anamfungia mteja samaki, hakuharakisha. "Unaniuliza kila mara unakuja."

"Hujanijibu hata mara moja."

"Ilinisaidia. Na mugongo ikaharibika. Yote mbili." Alimpa mteja kifurushi chake. "Bale batoto balisoma, mudogo. Wa mwisho eko anafundisha kule Likasi. Unataka nikuambie nini ingine?"

Nilianza kumwambia kwamba ningeweka mkanda wa tatu pale kiunoni pengine uzito ungegawanyika vizuri zaidi, akanisikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa polepole. Kisha lori la kurudi Kolwezi likapiga honi, naye akanisukumia samaki wawili mkononi, akaniambia niwahi nafasi ya mbele.