Saini ya Mama Vyura

Mama Vyura ni mfagizi wa kituo chetu cha hifadhi. Kwa miaka kumi na minane amehesabu chura mdogo mwenye tumbo jekundu, anayeishi katika kinamasi cha nyuma ya jiko la wafanyakazi na hapatikani kwingine. Hakutumwa na mtu. Mvua ikikatika jioni huvaa buti za marehemu mumewe, hukalia ndoo iliyopinduliwa, na kuandika kwenye daftari la shule: tarehe, mvua, idadi.

Mradi wa Ushirikiano wa nchi tatu nao huhesabu. Wataalamu wake huja kiangazi, maana ndipo barabara hupitika, na hufanya kazi saa nne hadi saa kumi, maana bima yao inaishia hapo. Kumtafuta chura kiangazi, tena juani, kunahitaji elimu ya juu sana. Mwaka jana walibishana siku mbili bendera ya nani itangulie kwenye bango. Siku ya tatu wakaandika: chura hayupo, kinamasi kitolewe kwenye mpaka wa hifadhi. Wafyatuaji wa matofali walikuwa wameshakuja kupima udongo.

Fomu ya kukitoa ilihitaji saini ya mkazi. Mama Vyura akaja na madaftari yake yote kwenye beseni. Mratibu wa mradi akamweleza, kwa upole wa kumbembeleza mtoto, kwamba madaftari si takwimu.

"Weka saini tu, mama. Wataalamu wameshaona."

"Wameona nini, baba?"

"Kwamba hayupo."

"Basi waandike hawakumwona. Mimi nimemwona."

Akashika kalamu. Mahali pa saini akaandika tarehe ya mvua ya mwisho, na idadi: arobaini na mmoja.

Fomu ikawa imeharibika. Kwa kanuni zao ilibidi iandikwe upya na kutiwa saini upya katika nchi zote tatu. Ikazunguka miezi mitano, ikarudi pamoja na mvua. Gari la mradi lililoileta likanasa kwenye tope kando ya kinamasi, saa kumi na mbili kasoro. Wataalamu wakashuka na viatu vyao safi, na pande zote vyura wakaanza. Kiongozi wao akauliza ile ni sauti ya nini.

"Nyamazeni kidogo," akasema Mama Vyura kutoka kwenye ndoo yake. "Mnanipotezea hesabu."

Kinamasi kimebaki ndani ya mpaka. Ripoti inasema chura amegunduliwa upya na Ushirikiano, kwa juhudi za nchi tatu. Kwenye shukrani ametajwa dereva.