Nuksi Hakuingia Kibandani

Kaka yangu ni fundi wa kuchomelea. Mageti, madirisha, vitanda vya chuma, ngazi, vyote hutoka mikononi mwake, na mimi mdogo wake ndiye ninayevipiga msasa na kuvipaka rangi. Karakana yetu inatazamana na kibanda cha mpira cha Refa, katikati ni barabara tu. Refa si mwamuzi wa chochote. Walimpa jina hilo kwa sababu hugombana na waamuzi kwenye televisheni kana kwamba wanamsikia.

Televisheni yenyewe iko ndani ya kizimba cha chuma ili wezi wasiondoke nayo, na kizimba hicho alikitengeneza kaka. Siku aliyokwenda kukifunga ukutani, timu ya taifa ilikuwa inacheza, tena inaongoza, dakika za lala salama. Kaka akageuka kutazama, spana mkononi. Goli likarudi. Mechi iliyofuata aliingia akakaa nyuma kabisa, tukafungwa. Ya baada ya hapo alichungulia tu mlangoni, golikipa wetu akaupangua mpira, ukamponyoka, ukajiingilia wenyewe. Refa alisimama akamnyooshea kidole: "Nuksi! Toka nje!" Kibanda kizima kikaangua kicheko, na jina likaganda.

Mtu mwingine angenuna. Kaka yangu alikubali, na hilo ndilo lililonipandisha hasira. Alisema kama kukaa kwake nje kunaisaidia timu, basi atakaa nje. Tangu hapo timu ikicheza anazima mashine, anaketi kwenye kigoda mlangoni pa karakana na kusikiliza kelele za kibandani. Redio haigusi, eti kusikiliza redio nako ni kuingia. Miaka ikapita, akawa anazijua zile kelele moja moja. Miluzi ni mwamuzi kakosea. Kelele inayopanda halafu ikakatika ni mpira umegonga mwamba. "Hiyo kona," ataniambia, na kweli ni kona. Mimi mpira siupendi, sitadanganya, ila nilikuwa naweka brashi chini nimsikilize.

Basi mwaka fulani timu yetu ikafuzu mashindano makubwa ya dunia, mara ya kwanza tangu tuzaliwe. Mwaka huohuo macho ya kaka yakaanza kumtupa mkono.

Geti ndilo lililotuumbua. Mteja alilirudisha kwa mkokoteni huku akicheka: "Fundi, komeo umeliweka kwa nje. Kwani mwizi ni mimi?" Wapita njia wakacheka, kaka naye akacheka, akalikata komeo akalihamisha. Mimi sikucheka. Kaka yangu alikuwa akiutazama mlango kwa mbali anakutajia upana wake; mtu wa namna hiyo hakosei komeo. Nilimkokota hadi hospitali. Daktari akasema ni presha ya macho, imemla kimyakimya muda mrefu, na kilichokwisha kufa hakirudi. Alichobakiwa nacho kilikuwa cha katikati tu, kama anachungulia ndani ya bomba, na bomba lenyewe lilikuwa likizidi kuwa jembamba. Matone yangeuchelewesha ugonjwa kidogo.

"Mwakani nitakuwa naona?" kaka aliuliza.

Daktari alimshika bega.

Alinikataza nisimwambie mtu. Nikawa napaka rangi madirisha ya watu huku nalia, na nikiulizwa nasema ni harufu ya tina ya kuchanganyia rangi. Nilitaka kitu kimoja tu kabla bomba halijaziba: kaka aione timu yake ikicheza, kwa macho yake.

"Utaingia," nilimwambia. "Utakaa benchi la mbele, utaiona vizuri."

"Na nikiingia tukafungwa?"

"Tukifungwa tumefungwa! Kwani wewe ndiye unayecheza?"

"Mdogo wangu, watu wamelisubiri jambo hili maisha yao yote. Niwaharibie kwa sababu ya macho yangu?"

Mechi ya kwanza tulitoka sare, yeye yuko nje. Ya pili tukashinda, yeye yuko nje. Hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa, maana sasa hata wasioamini nuksi waliamini. Refa alivuka barabara na kikombe cha chai, akakiweka miguuni pa kaka kwa heshima zote.

"Nuksi wetu, tulia hapohapo. Hata kukohoa usikohoe!"

"Nyie wanaume wazima hamna haya?" nilimfokea. Maneno mengine yalikuwa yamefika mdomoni, lakini kaka aliniminya mkono, nikayameza.

Mechi ya tatu sare tu ilitosha kutuvusha. Mchana ule watu walifunga maduka mapema, na mimi nikamwambia kaka kuwa nakwenda kumweleza Refa kila kitu, liwalo na liwe. Akanishika kanga.

"Nenda, lakini usimweleze kitu. Kaa unitazamie. Ukirudi unisimulie yote, usiniachie hata kimoja."

Ndivyo nilivyoingia kibandani kwa mara ya kwanza maishani, mwanamke peke yangu katikati ya jasho na maganda ya karanga. Walinisogezea nafasi mwisho wa benchi, chini ya dirisha la upande wa barabarani. Nikatazama kweli. Nilishika rangi ya jezi, nikashika nahodha alivyofungwa bendeji kichwani, nikashika kocha alivyokuwa akitafuna taulo. Nilikuwa nayarudia moyoni kama mtu aliyetumwa dukani vitu vingi akiogopa kusahau.

Kipindi cha pili vijana wetu walipanda kwa upande wa kushoto, mabenchi yakaanza kunyanyuka. Sijui ni nini kilichonigeuza shingo. Nilitazama nje dirishani. Kaka alikuwa ameshasimama. Kelele zilikuwa bado ziko kooni mwa watu, yeye alikwishazisikia. Halafu kibanda kikalipuka, watu wakanikanyaga, chai ikanimwagikia, na mimi nimeng'ang'ania nondo za dirisha namtazama kaka yangu ng'ambo ya barabara, mikono juu, anacheka peke yake. Sikumwacha mpaka watu walipoketi.

Wenzetu walisawazisha. Kisha, mpira unakaribia kwisha, wakaongeza. Sikumbuki kelele yoyote baada ya hapo. Niligeuka tena dirishani nikamwona kaka anapapasa nyuma yake kutafuta kigoda, akaketi. Hakuhitaji kuambiwa.

"Leo kaingia dada yake Nuksi," mtu mmoja akasema. Hakuna aliyecheka, na heri yake, maana ningemvunjia kikombe.

Refa alivuka barabara huku analia bila kuficha. Nilimfuata nyuma.

"Fundi, nisamehe," alisema. Hakumwita Nuksi. "Kumbe siyo wewe. Miaka yote hii tumekuonea bure. Mashindano yajayo unakaa benchi la mbele, katikati, usoni pa kizimba chako. Atakayekutoa pale anitoe mimi kwanza."

Kaka alinyoosha mkono kumpa. Ulikwenda pembeni kidogo, na Refa, kwa machozi yake, akaudaka bila kugundua kitu.

"Nishikie nafasi," kaka akasema. "Nitakuja kutazama."

Nilitaka kupiga kelele kuwa mashindano yajayo yako mbali mno, lakini siri haikuwa yangu.

Tulifunga karakana kungali mwanga. Aliweka mkono begani mwangu, kama mtu anayetembea na mdogo wake kwa mapenzi tu, na watu waliopishana nasi walimpa pole ya mpira. Nikaanza kumsimulia. Nilimpa jezi, nikampa bendeji ya nahodha, nikampa taulo la kocha, akatabasamu. Nilimwambia nyasi zilivyokuwa kijani hata ukadhani zimepakwa rangi.

"Na goli letu?" akauliza. "Lilipigwa kwa mguu au kwa kichwa?"

Nikasimama. Ningeweza kusema mguu, asingejua. Lakini alikuwa amenituma.

"Sikuliona, kaka. Nilikuwa nimegeuka, nakutazama wewe."

Tukatembea hadi kwenye kona ya kwetu, na mimi nikajua nimemnyima hata kile kidogo.

"Basi niambie," alisema mwishowe. "Nilikuwaje?"

Nikamwambia. Ulisimama kabla yao wote. Ulikuwa na glovu mkono mmoja, mwingine mtupu. Ulirusha mikono juu ukacheka mpaka lile pengo lako likaonekana, na uso wako wote ulikuwa umeelekea kwetu. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniomba nirudie.