Tai ya Baba

Aliyemvisha baba yangu tai ni adeer, mdogo wake baba. Naanza na yeye kwa sababu makosa yake ndiyo makubwa. Wa pili ni fundi wa picha pale mjini Isiolo. Wa tatu nitamtaja mwisho.

Baba hakuwahi kuvaa tai. Alikuwa mnunuzi wa ngamia. Nilipokuwa bado nanyonya alienda Biliqo kutafuta mifugo, hakurudi. Wengine walisema ni waasi wa shifta, wengine walisema ni serikali, na wote walisema kwa sauti ya chini. Alituachia picha moja ndogo: shati halina vifungo, na ncha ya sikio la kushoto haipo kwa sababu ngamia alimuuma. Mama aliitundika ukutani kwetu Chechelesi. Mwanzoni mwa miaka ya themanini mchwa walipanda na ule ukuta wa udongo, wakala baba kuanzia mdomo kwenda chini.

Mama akaniambia, “Nenda ikatolewe nyingine kabla hawajafika machoni. Na hii usiiache itoke mkononi mwako.”

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Picha ya zamani inabandikwa ubaoni, inapigwa picha, halafu fundi anarekebisha negativu mpya, ile filamu ya kusafishia picha, kwa penseli. Ya zamani haiguswi. Hata mimi niliyeishia darasa la nne nilielewa hivyo.

Lakini adeer alitaka udiwani, na sebule yake ilihitaji ukoo wenye heshima. Akanifuata studio akiwa amevaa suti na tai.

“Mtie suti,” akamwambia fundi.

“Suti si shida, mzee. Shida ni shingo. Na mdomo pia hana.”

“Wangu si upo? Tumetoka tumbo moja.”

“Basi kaa hapo.”

“Nicheke kidogo?”

“Usicheke, mzee. Marehemu hakuwa na jino la dhahabu.”

Nikauliza kama ile ya zamani tutarudishiwa vile ilivyo. Adeer akanigeukia. “Wewe umesoma wapi upigaji picha? Mpe fundi afanye kazi.”

Nikampa.

Fundi alikuwa na haraka, au uvivu, sijui. Hakutoa negativu ya baba kwanza. Alichukua gundi akambandika kidevu na tai ya adeer, vilivyokatwa kwenye picha yake, palepale kwenye picha yetu, akapaka rangi kwenye maungio, akazitia nywele weusi, akajaza sikio. Ndipo akaipiga picha, akaikuza iwe kubwa kama sinia.

Adeer aliileta kwetu imefunikwa na shuka, kama bibi harusi. Mama akaiangalia muda mrefu.

“Huyu ni nani?”

“Ni kaka, shemeji. Ametengenezwa.”

“Mume wangu alikatwa sikio. Huyu ana masikio mawili mazima, na hasikii kitu. Afadhali mchwa, wao walikuwa hawajafika machoni.”

Adeer akaipeleka sebuleni kwake. Wageni walikuwa wakisema, “Wallahi, mnafanana!” Naye anaitikia, “Sana,” huku anashika kidevu. Udiwani hakupata. Nafikiri watu waliona inatosha kumwona mara moja.

Nasikia siku hizi picha kama hiyo inaingizwa kwenye kompyuta, unavisha, unavua, na ukikosea unarudi ulikotoka. Sisi tulikuwa na maji na kucha. Nilienda studio nikadai picha yetu, nikaja nayo nyumbani ikiwa na gundi na rangi yake, nikailoweka. Kidevu cha adeer kilitoka vizuri. Nikafurahi, nikaanza kusugua pale kwenye sikio. Rangi ikatoka. Halafu sikio, halafu shavu, halafu jicho. Mpaka naacha, nilikuwa nimeshika karatasi nyeupe.

Huyo ndiye wa tatu.

Mama alikuwa nyuma yangu. “Sikio limetokea?”

Nikamwonyesha. Hakunitukana, na mpaka leo natamani angenitukana. Aliikausha na upindo wa nguo yake, akaifunga kwenye kitambaa, akaiweka ndani ya sanduku la bati, mbali na ukuta.