Chupa ya Pili ya Matone ya Bibi

Jambo hili naliandika polepole, maana hata sasa nikilikumbuka uso unawaka, na wale waliokuwa kwenye benchi la hospitali siku ile wakinikuta sokoni bado wananiita daktari (wala hawanisifu).

Bibi yangu wa Kisondela alitolewa mtoto wa jicho, jicho la kulia, ambalo ndilo pekee alilobaki nalo, la kushoto lilishakufa zamani. Siku ya kuruhusiwa nesi alinipa chupa ya matone na karatasi, akaeleza harakaharaka, mara nne kwa siku, halafu mnapunguza kila wiki, halafu mnaacha, akauliza, "Umeelewa, kaka?" Nyuma yangu kulikuwa na foleni, mwandiko wake ulinishinda, nikaona haya kusema, nikaitikia kwa kichwa. Kosa langu lilianzia hapo.

Nyumbani nikashika nilichokikumbuka, mara nne. Bibi akawa anawaona hadi kuku wa jirani wakiingia kwenye mahindi yetu, na Jumapili akanisimamisha kanisani, "Huyu ndiye daktari wangu," watu wakapiga makofi, mimi naangalia viatu. Baada ya makofi yale unaachaje dawa? Chupa ilipoisha nikaenda na ile tupu duka la dawa, nikauziwa nyingine (na siku ya kurudi kliniki ikapita, mvua ilikuwa haikatiki na bibi alisema haumwi).

Kisha kichwa kikaanza kumuuma. Taa akaiona imezungukwa na duara la rangi, na kuku akawa hawaoni tena. Nikaogopa, nikampakia kwenye bodaboda, mimi nyuma nimemshika, hadi hospitali ya Tukuyu.

Daktari alimpima, akatoka naye mlangoni, chupa mkononi. "Nani anamwekea hii?"

"Mjukuu wangu," bibi akajibu kwa fahari, "mara nne, hajakosa hata siku moja. Ilipoisha akanunua nyingine."

Benchi zima likanigeukia.

"Ilitakiwa iishe wiki ya nne," daktari akasema. "Inatuliza uvimbe, lakini ikizidi muda, wengine inawapandishia presha ndani ya jicho. Presha ikikaa juu inaua mshipa wa kuonea, na huo haurudi."

Mzee mmoja wa kanisani kwetu akasema, "Daktari wa Kisondela, na goti langu ulitazame," wakacheka, na mimi nikasikia mdomo wangu unasema, "Karatasi sikuielewa. Niliitikia tu."

Kicheko kikakatika. Mama mmoja wa mtandio akafungua mkoba, akatoa karatasi yake, "Hata mimi yangu sijaielewa." Yule mzee wa goti naye akapapasa mfuko wa koti. Ikabidi nesi aje atueleze benchi zima, mmoja mmoja, na kila mtu arudie kwa sauti.

Bibi akaachishwa matone yale, akapewa mengine ya kushusha presha, na tuliporudi baada ya wiki mbili daktari akasema imeshuka na mshipa ni mzima. "Ndaga," bibi akamshukuru kwa Kinyakyusa, akamwachia parachichi.

Mimi sasa siitikii kitu nisichokielewa, hata foleni ifike barabarani. Jumapili iliyofuata bibi alisimama kushukuru tena, nami nikajikunja nyuma ya nguzo, benchi la mwisho kabisa.

"Toka hapo nyuma ya nguzo," akasema mbele ya kanisa zima. "Nakuona."