Siku Mama Wima Alipokaa Kitako

Nchi ile ilikuwa ndogo kiasi kwamba ukipiga chafya mpaka wa huku, wa mpaka wa kule anakuombea afya. Ila barazani kwao walikuwa na utaratibu wao, na waliuringia: anayekubali jambo hukaa, anayekataa husimama. Wazee walioliasisi baraza walisema kukubali ni kazi ya makalio, kukataa ni kazi ya miguu. Asiye tayari kuchoka asisumbue wenzake.

Mwakilishi wa mtaa wa mafundi alikuwa mjane mmoja mshona nguo. Kwa kusimama kwingi jina lake lilipotea, akabaki Mama Wima. Alisimama kodi ya chumvi ilipopanda. Alisimama walipotaka kuuza uwanja wa shule. Siku moja alisimama peke yake kama mlingoti, spika akamuuliza, "Dada, wewe hukupewa kiti?"

"Nimepewa, bwana, ila kina kunguni wenu."

Basi hoja ya kujiunga na Shirikisho ilipoletwa, mtaa ulilala usingizi, ukijua Mama Wima atasimama. Shirikisho lilikuwa limewazunguka pande zote, kama sufuria na punje ya mchele. Liliahidi barabara, umeme na hospitali. Nalo lilitaka mahakama yao, polisi wao na forodha yao, yaani kila kitu isipokuwa mvua. Mchinja nyama alimshika Mama Wima mkono, vidole bado vina damu ya ng'ombe.

"Kura zinalingana, mama. Ukisimama wewe, tumepona."

"Wewe uliniona nimekaa lini?"

Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kitindamimba wake, aliyekwenda Shirikishoni kubeba matofali, alikuwa rumande huko. Msimamizi alimtukania mama, naye akamjibu kwa koleo, taya likavunjika. Tangu habari ifike, Mama Wima alikuwa akishona mikono ya mashati mahali pa kola.

Ndipo mjumbe wa Shirikisho akabisha hodi, mtu wa kucheka-cheka ambaye mji mzima ulimwita Bwana Asali. Aliketi kando ya cherehani, akawa anachezea kibobini cha uzi.

"Mama yangu, tukishakuwa ndugu, mtoto wa ndugu atakaaje ndani?"

"Niahidi kwa maneno yaliyonyooka."

"Ah! Ndugu huahidiana, mama? Ndugu huaminiana."

Mama Wima aliujua ulimi wa mchuuzi. Yeye mwenyewe ameuza vitambaa vinavyochuja kwa ulimi huohuo. Akauamini hivyohivyo. Mfa maji haachi kutapatapa.

Spika aliposema, "Wanaokataa wasimame," viti vilikwaruza sakafu nusu ya ukumbi. Mama Wima alishikilia kiti kwa mikono miwili. Miguu ilitaka kuinuka yenyewe kwa mazoea. Akaukanyaga mmoja kwa mwingine.

"Mama Wima!" mchinja nyama alipaza sauti dirishani. "Mama Wima, umelala? Mtekenyeni huyo!"

Hakuinua hata macho. Kiti kimoja kikaimaliza nchi.

Mtaani hakuna aliyemgusa, na afadhali wangemgusa. Walikuja mmoja mmoja kuchukua nguo zao, hata mwenye suruali iliyoshonwa mguu mmoja tu aliichukua ilivyo. Mchinja nyama alimwamkia kwa mbali: "Shikamoo, mwananchi wa Shirikisho!" Akaitikia marahaba. Mwanangu akirudi, alijiambia, watanuna watachoka.

Kizuizi cha mpakani kilipoondolewa tu, alifunga mkate kwenye kitambaa akaenda gerezani. Karani wa pale alikuwa kijana wa adabu. Alimvutia mama kiti.

"Nimekuja kumchukua mwanangu. Sasa sisi ni ndugu."

Karani alikuna kichwa. "Ndiyo tatizo, mama. Alipokuwa mgeni, ilikuwa tumkabidhi kwenu, akahukumiwe kwenu. Hata gari lilishapangwa. Sasa ni mwananchi wetu, na mwananchi hakabidhiwi popote. Atahukumiwa hapa. Na hapa taya la mtu ni miaka mingi."

"Basi mrudisheni awe mgeni!"

"Mgeni wa wapi, mama? Nchi ile haipo."

"Bwana Asali alisema..."

"Nani?"

Alimweleza sura, kicheko, viatu. Karani alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema wajumbe wale kazi yao ilikwisha, wametawanywa. Mama Wima alishuka kwenye kiti, akapiga magoti, akamshika yule kijana miguu. Karani alimwinua taratibu, na yeye machozi yakimlengalenga, akampeleka kwenye wavu wa wageni. Zaidi ya hapo hakuwa na uwezo.

Mwanawe alikuja mbio, amekonda, meno yote nje.

"Mama! Umenifuata mwenyewe? Waliniambia nakabidhiwa nyumbani, nikafunga na nguo zangu. Gari linakuja lini?"

Mama Wima alifungua kitambaa. Mkate haukupita kwenye tundu za wavu, akawa anaumega vipande vidogo vidogo, anavipitisha kwa vidole.

"Kula kwanza, mwanangu."

"Lakini gari, mama?"

"Kula."